Dar es Salaam hadi Iringa kwa Gari Dogo: Namna ya Kuipanga Safari kwa Saa

Ukimuuliza mtu Iringa iko umbali gani kutoka Dar es Salaam, atakujibu kwamba ni kilomita 500 hivi, nawe utagawanya kwa 100 na kujiambia kwamba ukitoka nyumbani saa tatu baada ya chai, saa nane mchana utakuwa Ipogolo, mlangoni mwa mji wa Iringa. Gari linaweza kukimbia hivyo, lakini barabara hairuhusu. Dereva aliyeizoea njia hii hahesabu kilomita, anahesabu saa: Kibaha apite saa ngapi, Mikumi aingie saa ngapi, Mlima Kitonga aupande jua likiwa wapi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwenye gari dogo, iwe saluni au gari la familia la viti saba, ambaye ana leseni na uzoefu wa kuendesha mjini lakini hajawahi kuishika njia hii mwenyewe, au aliwahi kuipita mara moja na kuapa kwamba hatarudia.

Ni vyema kujua kwanza kwa nini barabara hii imejaa malori kiasi hiki. Mwaka 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru, Zambia, ambayo shaba na mafuta yake vilikuwa vikipita kusini, ilijikuta haina njia ya kuaminika ya kufika baharini, na ile njia ya udongo inayoanzia Dar es Salaam na kuvuka mpaka Tunduma ikageuka ghafla kuwa tegemeo la nchi nzima. Madereva wa wakati huo waliipa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Lami iliwekwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpango wa wakati ule, yaani njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, ndio utakaoukuta leo katika sehemu kubwa ya safari yako, ukiwa pamoja na malori yanayobeba makontena na mafuta ya Zambia, Malawi na Kongo, yote yakitoka katika bandari ileile. Wewe mwenye gari dogo hesabu tu kwamba lori ndilo mwenyeji na wewe ni mgeni.

Gari likaguliwe mapema

Peleka gari kwa fundi siku tatu kabla ya safari, kwa sababu kasoro inayogunduliwa saa mbili usiku wa kuamkia safari haina fundi wala duka la vipuri, inabaki na dua peke yake. Anza na matairi. Wengi wetu tunanunua matairi ya mtumba ambayo vijino vyake bado vimesimama vizuri, tukasahau kwamba mpira huzeeka hata usipotembea. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye umri mkubwa linaweza kuvumilia foleni ya Mwenge kwa miaka, kisha likapasuka mchana mmoja wa joto baada ya Chalinze, gari likiwa na watu watano, mizigo na kasi ambayo halijaizoea. Jaza upepo matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na ulipime tairi la akiba pia, maana ndilo ambalo kila mtu hulisahau mpaka siku analolihitaji.

Kinachofuata ni rejeta na breki, na hivi viwili vinakaguliwa kwa ajili ya Kitonga. Dar es Salaam ni tambarare, kwa hiyo gari linaweza kuwa na feni iliyochoka au mpira wa rejeta uliopasuka kidogo bila wewe kujua, kwa sababu halijawahi kupanda mlima kwa nusu saa mfululizo likiwa limebeba uzito. Mwambie fundi abadilishe maji ya rejeta kama yameshakuwa na kutu, aikague mipira yote na kifuniko, kisha azitazame breki pedi kwa macho yake badala ya kukuuliza kama zinapiga kelele. Taa zote ziwake, zikiwemo za breki na indiketa, na vifuta kioo vifute kweli.

Ndani ya gari weka jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto, tochi, kamba ya kuvutia na lita tano za maji ambazo hazinywewi, pamoja na maji mengine ya kunywa na chakula cha kuwatosha watu wote kwa saa sita. Sababu ya chakula utaielewa tukifika Kitonga. Leseni na bima viwe hai na vikae mahali unapopafikia bila kufungua buti. Pakia mizigo mizito chini na mbele ya buti, usiizibe njia ya kioo cha nyuma, na masweta yakae ndani pamoja na abiria, kwa sababu utaondoka Dar es Salaam ukitoka jasho na utafika sehemu ambayo watoto wataomba kujifunika.

Saa ya kuondoka

Ondoka saa kumi na moja alfajiri, ukiwa umelala vya kutosha. Nimejaribu saa zote na hii ndiyo ninayoirudia, kwa hesabu rahisi: giza lililobaki unalimaliza ukiwa kwenye barabara pana kuliko zote katika safari nzima, yaani ile ya njia nane kati ya Kimara na Kibaha, yenye urefu wa kilomita 19 na kidogo, na mapambazuko yanakukuta Mlandizi, mahali ambapo barabara inakuwa nyembamba na macho yanahitajika. Anayeondoka saa moja asubuhi anakutana na daladala na bodaboda za watu wanaokwenda kazini kuanzia Ubungo hadi Kibamba, na anapoteza pale saa nzima ambayo atakuja kuitafuta jioni. Anayeondoka saa nane usiku ili awahi, anaikuta sehemu nyembamba gizani.

Kuhusu safari ya usiku niseme wazi kwamba siishauri kabisa kwa gari dogo. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, na baadhi ya watu wamelichukulia hilo kama ushahidi kwamba njia sasa ni salama usiku. Basi lina madereva wawili wanaopokezana, lina taa zilizo juu, na dereva wake anaijua kila kona kwa jina. Wewe una taa za chini, unapofushwa na kila lori linalokuja, na hatari kubwa ya usiku katika barabara hii haitembei: ni lori lililoharibika, limesimama nusu kwenye lami, halina taa, na limewekewa matawi tu kama alama.

Ukiifuata saa hiyo, ratiba inakwenda takribani hivi: Kibaha saa kumi na moja na nusu au kabla kidogo ya saa kumi na mbili, Chalinze karibu na saa moja, Morogoro saa mbili, ambapo utakunywa chai na kuondoka kabla ya saa tatu. Hifadhi ya Mikumi unaingia karibu na saa nne, Ruaha Mbuyuni unafika saa sita au baadaye kidogo, Kitonga unaipanda saa saba, na Iringa unaingia kati ya saa nane na nusu na saa tisa na nusu alasiri. Ukichelewa popote kwa saa mbili bado una mwanga. Akiba hiyo ya mwanga ndiyo unayoipanga. Usiitumie kwa kulala zaidi asubuhi.

Kutoka Kibaha hadi Morogoro

Sehemu hii haina mlima wala mnyama, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Baada ya Kibaha, malori yote ya kwenda mikoa ya kusini, ya kati na ya kaskazini bado yako pamoja, kwa sababu njia ya Tanga, Moshi na Arusha haichepuki mpaka Chalinze, kilomita zaidi ya 100 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Katika wiki ya kuelekea Krismasi, wenyeji wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani, foleni ya hapa huwa haifanani na ya siku nyingine yoyote ya mwaka. Ukiweza, usisafiri tarehe ambazo na wao wanasafiri. Vigwaza kuna mizani ya malori na mabasi, na Mikese, kabla ya Morogoro, kuna nyingine. Wewe hupimwi, lakini punguza mwendo, kwa sababu magari mazito yanaingia na kutoka polepole na mara nyingine foleni yake hufika hadi barabarani.

Kila kijiji kina kibao cha 50, na kibao hicho kinaanza kabla hujaiona nyumba ya kwanza na kuisha baada ya nyumba ya mwisho. Askari wa usalama barabarani wanasimama na tochi ya kupimia mwendo pale ambapo dereva hudhani kijiji kimeisha. Faini inalipwa kwa namba ya malipo unayopewa, na hakuna sababu ya kumpa mtu fedha mkononi. Madereva wanaokuja watakuwashia taa kukujulisha kwamba mbele kuna askari, jambo ambalo watu wengi hulipokea kwa furaha, ila nakuomba usiifanye taa ya mwenzako kuwa ndiyo inayokupangia mwendo kijijini, maana mtoto anayevuka kwenda shule hawashiwi taa na mtu.

Hapa ndipo utakapojifunza lugha ya malori, na ni lazima uijue kabla ya kufika milimani. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia huku likiendelea moja kwa moja, dereva anakuambia usitoke, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, anakuambia njia ni nyeupe, unaweza kupita. Ni lugha ya kistaarabu na imeokoa wengi, lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba indiketa ya kulia inaweza pia kuwa na maana yake ya kawaida, kwamba lori linakata kulia, na anayedhani anaonywa tu anaweza kushangaa likimkatia mbele. Ya pili ni kwamba anayekuruhusu kupita anakadiria gari lako kwa macho ya kioo cha pembeni; hajui kama lina nguvu, wala hajui kama wewe ni mtu wa kusitasita. Kwa hiyo ichukue ishara yake kuwa ni habari, kisha ujihakikishie mwenyewe kwa macho. Usipoiona barabara tupu mbele yako yenye urefu wa kukutosha kutoka, kupita na kurudi bila kumlazimisha mtu yeyote kukanyaga breki, baki nyuma.

Kubaki nyuma nako kuna namna yake. Wageni hulisogelea lori karibu kabisa, wakachungulia kwa kutoa pua ya gari, na kutoka pale hawaoni kitu wala hawaonekani na dereva wa lori. Kaa nyuma umbali wa magari manne au matano: unaona mbele zaidi, unaonekana kwenye kioo chake, na unapata nafasi ya kuongeza kasi kabla ya kutoka. Malori yakiwa matatu au manne yameshikana, usiyapite yote kwa mkupuo isipokuwa unaona wazi mpaka mwisho wa msafara. Na mstari usiokatika katikati ya barabara haukuchorwa kwa urembo. Aliyeuchora aliiona ile kona au kile kilima kinachokuzuia wewe kuona.

Ukikuta matawi mabichi yamewekwa barabarani kwa kuachana, punguza mwendo mara moja na ujiandae kusimama, kwa sababu baada ya kona kuna gari bovu. Nawe ukiharibikiwa, toa gari lote nje ya lami kama unaweza, weka pembetatu mbali kuliko unavyodhani inatosha, wateremshe watu wote wakae upande wa mbali na barabara, na ukiondoka ondoa matawi na mawe uliyoweka. Mawe yanayoachwa barabarani na watu waliokwisha kuondoka yanapasua matairi ya wengine usiku.

Jambo moja zaidi kabla ya kufika Morogoro. Ukilikuta lori la mafuta limepinduka, usisimame kutazama, usipige picha, na usimruhusu mtu yeyote wa gari lako kushuka. Mwezi Agosti mwaka 2019, karibu na Msamvu, lori la namna hiyo lilipinduka na kulipuka wakati watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walikufa.

Morogoro jaza mafuta, kula, na ubadilishane usukani kama kuna mtu wa kubadilishana naye. Msamvu ndipo barabara ya Dodoma inapochepuka. Fuata vibao vya Iringa na usiingie mjini bila sababu.

Mikumi

Baada ya Mzumbe na Doma, barabara inaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, na kuipasua kwa kilomita 50. Kupita hulipii chochote, kwa sharti kwamba unapita tu. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na ukimgonga mnyama unalipa kwa kadiri ya mnyama mwenyewe, kwa viwango vilivyoandikwa kwenye mabango ambavyo vingine vinazidi thamani ya gari lililogonga. Hesabu ya saa inaonekana faida yake hapa: wanyama huvuka zaidi alfajiri na jioni, na anayepita saa nne asubuhi bado anawaona tembo, twiga, pundamilia na swala kando ya lami, lakini anawaona mapema.

Punguza mwendo kabla ya kufika wanapovuka, si baada ya kuwaona, kwa kuwa mnyama mmoja akivuka karibu kila mara kuna wa pili nyuma yake ambaye bado yuko kwenye nyasi. Tembo wakiwa barabarani, simama mbali, acha injini ikiwaka, usipige honi, na uwape muda wao. Nyani watakuja karibu na gari lililosimama kwa sababu watu wamewazoesha ndizi. Funga vioo na usiwarushie kitu, kwani nyani aliyezoea kupewa ndiye anayegongwa. Usitupe hata ganda la pipi. Ukitaka kupiga picha, piga ukiwa ndani na gari likiwa linakwenda polepole, abiria apige, dereva aendeshe. Anayetaka kuwaona wanyama kwa utulivu aingie langoni siku nyingine, alipe kiingilio na kulala.

Mwisho wa hifadhi ni mji wa Mikumi, wenye njia panda ya Kilosa upande mmoja na ya Kidatu na Ifakara upande wa pili. Jinyooshe hapa hata kama huna njaa.

Bonde la mibuyu na Kitonga

Kutoka Mikumi barabara inazunguka vilima kisha inateremka katika bonde la Ruaha Mkuu, na joto linarudi ghafla kana kwamba umerudi pwani. Mibuyu inasimama pande zote mbili, mikubwa kwa midogo, na ndiyo iliyoupa mji wa Ruaha Mbuyuni jina lake. Ni sehemu nzuri mno ya kuitazama, na dereva hana ruhusa ya kuitazama. Ruaha Mbuyuni utaona vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Usinunue sasa, nunua unaporudi. Badala yake simama chini ya kivuli, fungua boneti, acha injini ipoe dakika kumi na tano, kisha utazame maji ya rejeta kwenye chupa yake ya pembeni. Usifungue kifuniko cha rejeta yenyewe ikiwa ya moto.

Mbele, baada ya Mahenge, unaanza Mlima Kitonga. Barabara inapanda ukuta wa korongo kwa kona zinazofuatana, jiwe likiwa upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori yaliyobeba tani nyingi yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kwa gari la gia za mkono, ingia gia ya pili au ya tatu mapema, kabla injini haijaanza kulia, na ubaki nayo. Kwa gari la otomatiki, iteremshe gia mwenyewe kwenda 2 au L, kwa kuwa ukiiacha D itakuwa inabadilisha juu na chini kila kona na kuchemsha mafuta ya gia. Zima kiyoyozi. Kipimo cha joto kikianza kupanda kupita kawaida yake, fungua hita iwake kwa nguvu zote, hata kama mtateseka kwa joto, kwa sababu inatoa joto la injini. Kikizidi kupanda, tafuta mahali palipotanuka, egesha kabisa nje ya njia, weka jiwe nyuma ya tairi, na usubiri. Gari lililochemsha halina dawa nyingine isipokuwa subira.

Usilipite lori kwenye kona za Kitonga. Najua kwamba linakwenda polepole, najua kwamba kuna magari kumi nyuma yako yanapiga honi, na najua kwamba utingo wa lori anakupungia mkono kwamba pita. Kutoka chini hadi juu ni kilomita chache, na kuzipanda nyuma ya lori kunakugharimu labda nusu saa, ambayo uliiweka akiba alfajiri. Zipo sehemu fupi zilizonyooka ambapo unaona vizuri. Zitumie hizo, moja moja. Acha pia nafasi kubwa kati yako na lori lililo mbele: likishindwa kupanda huanza kurudi nyuma, na unahitaji nafasi ya kugeuza usukani, si ya kupiga honi tu.

Kuhusu chakula nilichokutaka uchukue: mwaka mmoja nilichelewa kuondoka kwa sababu ya mgeni, nikafika chini ya Kitonga saa kumi jioni, nikakuta lori limelala kukatiza kona na tela lake limeziba njia zote mbili. Tulikaa hadi saa nne usiku. Nilikuwa na watoto wawili, chupa moja ya maji na pakiti ya biskuti, na mama mmoja wa gari la nyuma, ambaye alikuwa amebeba chapati na ndizi za kuchemsha, ndiye aliyewalisha. Foleni kama hiyo ikitokea, zima injini, usitoke kwenye mstari wako na kujaribu kupenya upande wa wanaokuja. Wanaopenya ndio wanaoifanya foleni ya saa mbili iwe ya saa sita, kwa sababu wanalizibia njia gari la kuvuta lililokuja kuwaokoa.

Kutoka Ilula hadi Iringa

Juu ya Kitonga hewa inabadilika, masikio yanaziba kidogo, na masweta yanatoka. Ilula ni mji wa nyanya, na matenga yake utayaona kabla ya kuyaona maduka. Katika miezi ya mvua, ambayo huku juu ni kuanzia Novemba hadi Aprili, unaweza kukutana na ukungu na mvua za ghafla. Washa taa za kawaida na si taa kali, kwa kuwa ukungu hurudisha mwanga wa taa kali machoni mwako. Utauziwa pia ulanzi, ile pombe ya mianzi. Dereva asiuguse, hata ule mtamu unaodaiwa kuwa umegemwa leo asubuhi, maana ulanzi huendelea kuiva ndani ya chupa.

Kutoka Ilula hadi Ipogolo ni mwendo mfupi, na uchovu wako ni mkubwa kuliko unavyouhisi. Barabara kuu haipandi mjini. Inapita chini, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo, nawe unachepuka kuupanda mlima kuingia Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wanaoendelea Mafinga, Makambako au Mbeya, na ambao wametoka Dar es Salaam siku hiyohiyo, walale hapa.

Kurudi

Safari ya kurudi ina hatari moja ambayo ya kwenda haikuwa nayo: Kitonga sasa unaishuka. Kanuni ya madereva wa zamani ni kwamba mlima huteremkwa kwa gia ileile ambayo ungeipandia. Ingia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, acha injini ilizuie gari, na breki uikanyage kwa nguvu mara mojamoja kupunguza mwendo kisha uiachie ipoe, badala ya kuikanyagia kidogokidogo njia nzima. Ukisikia harufu ya kuungua na kanyagio likaanza kuzama, simama mara moja, egesha kwa kuelekeza magurudumu upande wa mlima, na usimwage maji kwenye breki. Kamwe usiweke nyutro ili kuokoa mafuta. Hakuna mafuta yanayookolewa hapo yanayolingana na kilicho chini ya korongo. Tazama pia kioo cha nyuma mara nyingi kuliko kawaida, kwa sababu linaloweza kupoteza breki si gari lako tu, na lori linalokuja kwa kasi isiyo ya kawaida huku linapiga honi mfululizo halikugombezi, linaomba njia.

Ondoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukitoka. Ilula nunua nyanya zilizoanza tu kuwa na wekundu, kwa kuwa zilizoiva zitakuwa supu kabla ya Chalinze, na Ruaha Mbuyuni nunua vitunguu vilivyokauka shingo, ukisimama nje kabisa ya lami na abiria wakishukia upande usio na magari. Vitunguu vikae chini, nyanya juu, na tenga lisifunike kioo cha nyuma. Lenga kupita Kibaha kabla ya saa kumi jioni. Ukichelewa, kunywa chai Kibaha na usubiri mpaka baada ya saa mbili usiku, kwani kutoka hapo hadi Kimara barabara ni pana na foleni ya watu wa kazini itakuwa imepungua. Ukifika nyumbani, shusha nyanya kwanza na uzitandaze sakafuni, kabla hujagusa sanduku lolote.